Daftari la Joto la Njiti

Katika maisha yangu nimeziamini karatasi kuliko midomo. Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na mwanafunzi aliyeanza jibu lake kwa maneno "watu wanasema" alijua mapema kwamba daftari lake litarudi likiwa na wino mwekundu. Watu gani? Walisema wapi? Walipima kwa chombo gani? Kazi niliistaafu, tabia sikuistaafu. Hata mke wangu, ambaye nimeishi naye katika nyumba hii ya Nyamiaga tangu mibuni iliyo nyuma ya jiko haijazaa, akirudi na habari kutoka sokoni huanza kwa kujikinga: "Hii nimeiona kwa macho yangu, Mwalimu." Kisha hucheka peke yake.

Haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu, na sehemu yake mbaya niliisababisha kwa mikono yangu.

Mjukuu wetu alizaliwa njiti, yaani kabla ya kutimiza miezi, wakati wa kiangazi, ambapo kwetu mchana huwa na jua kali lakini asubuhi huwa na baridi ya kuuma masikio. Mwanangu, ambaye ni fundi wa matairi ya malori pale Lusahunga, alikaa na mkewe hospitali kwa siku za mwanzo, kisha akarudi kazini, nasi tukaachiwa jukumu. Baada ya majuma kadhaa wodini, mtoto aliruhusiwa kuja nyumbani kwa masharti. Abebwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na soksi miguuni. Anyonye kila baada ya saa mbili. Kila Alhamisi apelekwe kupimwa uzito. Asipoongezeka, atarudishwa wodini.

Sharti hilo la mwisho mkamwana wangu alilisikia kwa namna ambayo sote tuliiona usoni mwake. Wodini alikuwa amelala majuma yote yale akisikiliza pumzi ya mtoto kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Hakutaka kurudi. Alichotaka ni gramu.

Siku ya pili aliwasili mama wa mkamwana kutoka Bisibo, wilayani Biharamulo, akiwa na kibuyu cha samli, mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na sweta mbili alizozivaa moja juu ya nyingine. Ni mama wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Bisibo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mwembamba, mwepesi wa miguu na wa ulimi pia.

"Mwangaluka, mkwe," alinisalimu kwa lugha yake, meno yakigongana.

"Mwangaluka. Karibu Ngara."

"Nimekaribia. Lakini hii si hewa, mkwe. Haya ni maji ya kisima mmeyatundika juu."

Vita vilianza jioni ileile. Mkwe wangu, aliyetoka kwenye joto, aliona kwamba mtoto anaganda. Akamwongezea blanketi juu ya mama yake na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Mke wangu, mzaliwa wa vilima hivi, aliona kwamba mtoto anakosa hewa. Akatoa jiko, akafungua dirisha na kupunguza blanketi. Robo saa baadaye jiko lilikuwa limerudi. Mkamwana alikuwa katikati yao akivikwa na kuvuliwa kama mwanasesere.

"Mtoto wa Ngara huzoeshwa baridi," mke wangu alisema ukumbini. "Baba yake nilimwogesha uani akiwa na siku nne, na leo anabeba matairi ya malori."

"Baba yake alitimiza miezi tisa, mkwe. Huyu hakutimiza. Kwetu Bisibo hata kifaranga hufunikwa kapu."

"Kwenu Bisibo jua linaingia mpaka ndani ya chungu."

"Na kwenu baridi inaingia mpaka ndani ya blanketi!"

Nilitoka sebuleni na kusimama kati yao. Jiko la mkaa nililipiga marufuku papo hapo, kwa sababu moshi wake katika chumba kilichofungwa huua, na hilo halina mjadala. Yaliyobaki niliyageuza kuwa swali.

"Mnabishana kwa hisia. Je, mtoto ana joto la nyuzi ngapi sasa hivi?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake.

"Hamjui. Basi tutapima."

Ni lazima nieleze jambo nililokuwa nalijua vizuri, ili msomaji aone jinsi mtu anavyoweza kujua jambo na bado akalikosea. Chini kabisa ya ubongo, karibu na mahali ambapo mishipa ya macho inakutana, kuna kipande kidogo kiitwacho haipothalamasi. Huyo ndiye mlinzi wa joto la mwili. Hupokea taarifa kutoka kwenye ngozi na kutoka kwenye damu inayopita, akatoa amri: mishipa ya ngozi ifinywe ili joto lisitoke, jasho litoke au likauke, njaa iamke, misuli itetemeke. Sisi watu wazima tukipigwa na baridi hutetemeka, na katika kutetemeka tunazalisha joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka hivyo. Yeye hupewa mafuta maalumu ya rangi ya kahawia, yaliyowekwa shingoni na katikati ya mabega, ambayo ubongo huamuru yachomwe ili mwili upate joto. Njiti huzaliwa kabla mafuta hayo hayajawekwa ya kutosha. Ngozi yake ni nyembamba, na mlinzi wake wa joto bado ni mwanafunzi.

Basi akipoa, kinachochomwa ni maziwa. Nilizoea kuwaeleza wanafunzi wangu kwa mfano wa tanuru la matofali. Mtu mwenye mzigo mmoja wa kuni, ambaye watoto wake wanatetemeka ndani, hatazipeleka kuni hizo kuchoma matofali ya nyumba mpya. Ataziwasha jikoni kwanza. Ubongo wa mtoto hufanya vivyo hivyo: joto kwanza, nyama na mifupa baadaye. Kila mara njiti anapopoa, tofali moja linabaki bichi.

Haya niliyafundisha kwa miaka mingi. Nikachukua daftari jipya, nikalipigia mistari, nikaweka safu ya saa, safu ya nyuzi na safu ya maoni. Nilikuwa na kipimajoto kizuri cha kuweka kwapani. Kizuizi kilikuwa kimoja. Kwa desturi yetu baba mkwe haingii katika chumba cha mke wa mwanawe, hasa akiwa amejilaza na kifua wazi. Na kumkabidhi mtu mwingine kipimajoto sikukubali. Nimeshuhudia wanafunzi wengi wakisoma kipimo kwa kukisia.

Kwa hiyo niliamuru mtoto aletwe kwangu. Kila saa moja, tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, mkwe wangu alimtoa kifuani kwa mama yake, akampitisha ukumbini, akamlaza juu ya meza ya sebuleni karibu na dirisha ambapo mwanga ni mzuri, nami nikamfunua, nikaweka kipimajoto, nikasubiri na kuandika. Pale nilipotilia shaka kipimo, nilirudia. Ndio utaratibu.

Siku ya tatu mkwe wangu alisema, "Mkwe, kila akitoka kwako miguu yake ni ya chura."

"Umepima?"

"Nimeshika."

"Mkono si chombo, mkwe. Mkono wako umetoka kuosha vyombo."

Alimwangalia mke wangu, na mke wangu akaangalia dari. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana.

Alhamisi ilipofika tulikwenda kituo cha afya sote wanne, mtoto akiwa kifuani kwa mama yake. Muuguzi wa kliniki aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kwa miaka minne, na hakuna mwaka hata mmoja aliokaa kimya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mizani yako imekaguliwa lini?"

"Leo asubuhi. Nimeweka mfuko wa sukari wa kilo moja, ikasema kilo moja. Nilifundishwa na mtu mkali."

Mtoto aliwekwa kwenye mizani. Muuguzi alitazama kadi, akatazama mizani, akamtoa mtoto na kumweka tena. Alikuwa amepungua. Si sana, lakini badala ya kupanda alikuwa ameshuka. Mkamwana wangu alikaa kwenye benchi, akaanza kufunga na kufungua fundo la kitenge chake.

"Nitawapa juma moja," muuguzi alisema taratibu. "Alhamisi ijayo akiwa hajaongezeka, tutampeleka wodini. Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya kama ndama," alijibu mkwe wangu.

"Basi maziwa yanakwenda wapi?"

Hapo nilitoa daftari langu kwa fahari isiyo na kiasi. Aliligeuza ukurasa kwa ukurasa.

"Kila saa, Mwalimu?"

"Kila saa ya mchana."

"Na hapa umeandika mara mbili."

"Nilitilia shaka kipimo cha kwanza."

"Cha pili kiko chini ya cha kwanza. Na hapa pia. Na hapa. Mwalimu, kila uliporudia, kipimo cha pili kiko chini."

"Soma maoni. Nimeandika kwamba huenda kipimajoto kina kasoro."

Alifunga daftari, kidole kikiwa kimebaki ndani. "Mtoto hupimiwa wapi?"

"Sebuleni. Mezani, karibu na dirisha. Pana mwanga."

Nilisikia sentensi yangu mwenyewe ikitoka, na kabla haijafika mwisho nilikuwa nimekwisha kuielewa. Muuguzi aliweka kadi ya kliniki mbele ya mdomo wake, lakini macho yalimsaliti.

"Kidato cha pili," alisema, "tulikuwa tunachemsha maji maabara, tukawa tunafunua sufuria kila dakika kuona kama yamechemka. Ukatusimamisha sote. Unakumbuka ulichosema?"

"Sikumbuki."

"Ulisema, 'Anayefunua chungu kila mara hapimi kuiva, anapima papara yake.'"

Mkwe wangu alijipiga paja. "Mayo! Alisema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Na akatunyima mapumziko."

"Nilimwambia! Nilimwambia kwamba miguu ni ya chura, akasema mkono wangu umeosha vyombo!"

Benchi zima la akina mama lilikuwa linasikiliza kwa starehe. Mke wangu alicheka mpaka akapata kikohozi. Mimi nilijitahidi kushika uso wangu wa ukaguzi wa mitihani, lakini nilipomtazama mkamwana nikaona kwamba naye, huku machozi hayajakauka, anacheka ndani ya kitenge. Ndipo nikashindwa. Mke wangu hudai kwamba kicheko changu cha siku ile kilisikika mpaka barabarani. Hilo siwezi kulithibitisha.

Kikohozi cha mke wangu, hata hivyo, hakikuisha na kicheko. Kilikuwa ni mafua, na muuguzi aliyasikia. Alimkataza kumbeba mtoto mpaka apone. Kisha akatoa amri zake: mtoto asitolewe kifuani ila kwa sababu ya lazima, apimwe joto mara moja asubuhi, akiwa kifuani palepale, na mama yake ndiye asome kipimo. Na mama apumzike, kwa kuwa mwili uliochoka hauna maziwa ya kutosha. Wengine wapokee zamu.

"Bibi yake wa Bisibo achukue zamu moja," alisema. "Na zamu nyingine?"

Tukatazamana. Mwanangu alikuwa Lusahunga. Mke wangu alikuwa na mafua.

"Kifua chochote cha ndugu kinafaa, kikiwa kizima na kisafi," muuguzi aliongeza, akinitazama bila haya hata kidogo.

Safari ya kurudi ilikuwa ya mashauri. Mke wangu alisema watu wanasema kwamba wazee hupoa kama majivu. Na kweli mimi huvaa sweta hata saa sita mchana. Kwa mara ya kwanza juma lile nilikuwa na haki ya kudai ushahidi, nikaidai. Tulipofika nilijipima kwapani mbele yao, kipimajoto kikiwa ndani ya shati, kwa heshima zote. Joto langu lilikuwa la kawaida kabisa, sawa na la kijana yeyote. Mlinzi wangu wa joto hajastaafu. Ni ngozi yangu tu inayonung'unika.

"Na hata kama ni majivu," mkwe wangu alisema, "majivu ndiyo yanayotunza kaa mpaka asubuhi."

Ikabaki desturi. Nisingeweza kukaa kifua wazi mbele ya mkwe wangu, wala mbele ya mkamwana. Mke wangu ndiye aliyelitatua. Alitoa kabatini koti langu la kijivu, lile nililofundishia, akaamua kwamba nilivae kinyume: mgongo wa koti ukae mbele, vifungo vikae nyuma. Nilikaa chumbani mwangu, pazia likiwa limeshushwa mlangoni. Mikono miwili ya mkwe wangu ikapita pembeni mwa pazia ikiwa imembeba mtoto, yeye mwenyewe akiwa amegeuza uso ukumbini. Nikampokea, nikamweka kifuani, nikamfunga kwa kitenge kama nilivyoelekezwa. Mke wangu, aliyesimama nyuma yangu akiwa na kitambaa puani, akavuta koti na kufunga vifungo mgongoni.

"Umependeza kama padri aliyevaa gizani," alisema.

Kwa miaka yote nilichora haipothalamasi ubaoni kwa chaki ya kijani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa sehemu ya mchoro. Mtoto alikuwa mwepesi kama kuku wa miezi miwili. Mwanzoni alijikunja, miguu yake midogo ikiwa baridi juu ya tumbo langu, na pumzi yake ikienda mbio. Nilikaa bila kujongea. Baada ya muda nilihisi vidole vya miguu yake vikipata joto kimoja kimoja, na pumzi ikatulia, na ngumi yake ikafunguka juu ya mfupa wa kifua changu. Nilijua kilichokuwa kinatokea: mlinzi wake mdogo alikuwa amepokea taarifa kwamba nje hakuna baridi, akaamuru moto upunguzwe. Maziwa aliyoyanyonya saa ile yalikuwa huru kwenda kwenye matofali. Nilijua yote hayo, na bado nilikaa nikishangaa kama mtu asiyejua lolote.

Tuligawana saa za mchana. Mkamwana wangu alilala usingizi wa kweli, akala ugali na maharage, akala michembe ya mama yake iliyopikwa kwa karanga, na maziwa yakaongezeka. Zamu yangu ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilimsomea mtoto kwa sauti kila kilichokuwa karibu: kitabu cha fiziolojia, kalenda ya ukutani, maelezo ya mbolea ya kahawa. Mkwe wangu, kutoka upande wa pili wa pazia, alitaka kujua kama mtoto amekwisha kufaulu mtihani.

"Bado. Anasinzia darasani."

"Basi mpe adhabu, mkwe. Mnyime mapumziko."

Mwisho wa zamu mikono yake ilikuja pembeni mwa pazia kumpokea, na kila mara kabla ya kumchukua ilishika nyayo zake kwanza. "Moto," alisema. Siku ya kwanza nililipuuza. Siku ya pili nilimwomba mkamwana atumie kipimajoto, mtoto akiwa bado amefunikwa kifuani kwake, mara tu baada ya mama yake kutoa hukumu. Mkono na chombo vilikubaliana. Siku ya tatu vilikubaliana tena. Mkwe wangu alikuwa amepakata watoto saba wa kwake na ndama nisiojua idadi yao. Mkono wake ulikuwa umekaguliwa mara nyingi kuliko kipimajoto changu.

Alhamisi ilipofika niliomba kumbeba mwenyewe hadi kliniki, mama yake akatembea mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Tulikwenda kwa miguu, jua likiwa limekwisha kupanda. Njiani watu walinisimamisha.

"Shikamoo, Mwalimu. Koti umelivaa kinyume!"

"Marahaba. Najua."

Hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi, lakini nyuma yangu nilisikia mabibi wawili wa mtoto wakieleza habari yote, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri zamu, nilihisi joto jingine, la majimaji, likishuka kutoka kifuani hadi kwenye mkanda wa suruali. Nilishtuka mno.

"Amekojoa!" nilisema. "Dakika tano kabla ya kupimwa! Hizo ni gramu!"

Mkamwana wangu, ambaye kwa heshima huwa haniangalii usoni, aliinamisha kichwa magotini, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Na hiyo nayo utaiandika, mkwe?" aliuliza mama yake.

"Nitaiandika."

Muuguzi alimchukua mtoto, akamvua na kumweka kwenye mizani. Nilisimama nikiwa nimelowa, nikatazama mshale pamoja naye. Uliyumba, ukatulia juu ya alama ya Alhamisi iliyopita. Juu kabisa, wala si kwa unywele mmoja. Alimtoa na kumweka tena, kama nilivyomfundisha. Mshale ulirudi palepale.

"Hatarudi wodini," alisema, akimtazama mkamwana. "Nendeni naye nyumbani."

Mkwe wangu alipiga vigelegele, mke wangu aliyekuwa amepona akamjibu, na akina mama wa benchi lile, waliokuwepo pia Alhamisi ya aibu yangu, wakapokea. Mkamwana alinyoosha mikono na kumchukua mwanawe, akamwingiza ndani ya kitenge, akakaa pale akimtazama utosini.

"Mwalimu," muuguzi aliniita huku akijaza kadi, "joto la leo ni kiasi gani?"

Nikampa daftari. Ukurasa huo niliupigia mistari upya asubuhi ile, nikaongeza safu moja: chombo kilichotumika. Katika mstari wa kwanza palikuwa na nyuzi na neno "kipimajoto". Katika mstari wa pili, wa wakati wa kuondoka nyumbani, niliandika: "Nyayo za moto. Chombo: mkono wa mkwe." Alisoma, akanyanyua macho kunitazama, kisha akaazima kalamu yangu ya wino mwekundu na kuweka alama ya vema pembeni.